Umeme Ulistahili Kuanzia Nyuma

Historia ya taa za pikipiki husimuliwa kwa kutazama mbele. Tunaambiwa kwamba pikipiki zilipoanza kwenda kasi mwendeshaji alitaka kuona mbali zaidi, taa za mafuta zikashindwa, gesi ikachukua zamu yake, kisha umeme ukaja ukamaliza kazi. Yote hayo ni kweli, ila masimulizi hayo yanaipita bila kuitupia jicho ile taa ndogo yenye kioo chekundu iliyofungwa juu ya madigadi ya nyuma. Hoja yangu ni kwamba taa hiyo ndogo ndiyo iliyouhitaji umeme kuliko taa nyingine yoyote. Taa ya mbele ingeweza kuendelea na gesi, na kwa waendeshaji wengi wa Uingereza iliendelea nayo hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1920. Ya nyuma haikuwa na mahali pengine pa kukimbilia, kwa sababu ndiyo taa pekee ambayo mwendeshaji haioni wakati inamfanyia kazi.

Gesi yenyewe tuipe haki yake kwanza. Taa ya asetilini ilikuwa na vyumba viwili: cha chini kiliwekwa mawe ya kalisiamu kabaidi, cha juu kilijazwa maji. Maji yakidondokea mawe, gesi hupanda kwenye bomba hadi kwenye kichomeo, na kinachobaki chini ni chokaa nyevu ambayo lazima ikwanguliwe kabla ya safari nyingine. Neno letu karabai bado linabeba sauti ya jiwe hilo, ingawa siku hizi wengi tunaliambatanisha na taa ya pampu inayotumia mafuta ya taa. Moto wa asetilini ni mweupe na mkali. Ukiwekewa kioo kizuri cha kuakisi nyuma yake, ulitoa mwanga ambao balbu nyingi za mwanzo hazikuuzidi. Huko Marekani watu waliokerwa na kazi ya kukwangua chokaa waliweza kununua mitungi ya Prest-O-Lite, yenye gesi iliyokwisha kushindiliwa, wakafungulia tu. Zaidi ya yote, taa ya mbele ilijiripoti yenyewe. Kichomeo kikiziba, maji yakipungua au upepo ukiuzima moto, giza lilimjia mwendeshaji usoni papo hapo, naye akasimama kutengeneza.

Sasa zunguka nyuma. Huko kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuivuta gesi kwa mpira mrefu uliofuata fremu hadi kwenye kichomeo kidogo kilicho juu ya kibao cha namba. Ya pili, iliyokuwa rahisi na ya kawaida zaidi, ilikuwa taa ya mafuta yenye utambi, ndugu wa kandili. Njia zote mbili ziliuweka moto mdogo mahali pabaya kuliko pote kwenye chombo. Nyuma ya mtu anayekwenda kasi hewa hujizungusha na kuvuta vumbi la gurudumu. Pikipiki nyingi za wakati huo hazikuwa na springi nyuma, kwa hiyo kila jiwe la barabarani liligonga moja kwa moja hadi kwenye utambi. Moto ukizimika, hakuna kilichobadilika mbele ya macho ya mwendeshaji. Taa yake ya mbele iliwaka, injini ilinguruma, barabara ilionekana, naye aliendelea maili baada ya maili akiamini kwamba analindwa. Taa iliyozimika bila mwenyewe kujua humfanya ajiamini pasipo sababu, na hilo naliona kuwa hatari zaidi kuliko kutokuwa na taa kabisa, maana asiye na taa angalau husogea pembeni asikiapo gari likimjia kwa nyuma.

Tena taa hiyo ilibebeshwa kazi mbili tangu mapema. Sheria ya magari ya Uingereza ya 1903 ndiyo iliyoleta usajili na vibao vya namba, na kanuni zake zikataka namba ya nyuma isomeke usiku. Ndiyo maana taa nyingi za nyuma za kale zina kidirisha cha kioo cheupe upande mmoja, cha kumulika kibao, pamoja na kile chekundu cha kuwaonya wanaofuata. Ukizitazama kwa makini utaona kwamba serikali ilikuwa na haja na taa hizo kama alivyokuwa nayo msafiri: askari alitaka kusoma namba ya anayetoroka. Utambi uliofubazwa na masizi haukutimiza kazi hata moja kati ya hizo mbili.

Kwa nini basi umeme haukuja mapema? Jibu liko ndani ya balbu kabla ya kuwa kwenye dinamo. Balbu za mwanzo zilikuwa na uzi wa kaboni, uliotumia umeme mwingi kwa mwanga kidogo. Mwaka 1910 William Coolidge, wa kampuni ya General Electric, alifanikiwa kuifanya tangisteni ivutike kuwa uzi imara, na jambo hilo likawa na maana ya pekee kwa vyombo vya barabarani. Balbu ya nyumbani inayotumia volti nyingi huhitaji uzi mrefu na mwembamba kama wa buibui. Ya volti 6 huhitaji uzi mfupi na mnene, nao huvumilia mtikisiko kwa kiasi ambacho ule mrefu haukikaribii. Volti ndogo, ambayo ukiitazama juu juu ungedhani ni udhaifu wa betri za pikipiki, ndiyo iliyoiwezesha balbu kuishi juu ya madigadi.

Tuchukue hesabu kidogo, maana hapa ndipo hoja inaposimama au kuanguka. Balbu ya nyuma iliyozoeleka Uingereza ilikuwa ya volti 6 na wati 3. Hiyo ni nusu ampea. Betri ya ampea-saa 12, kwa hesabu ya karatasini, ingeiwasha kwa saa 24 bila dinamo kugusa chochote. Balbu ya mbele ya wati 24 hula ampea 4, na betri ileile ingeishiwa katika saa 3. Kwa maneno mengine, taa ya nyuma iliomba kidogo kuliko vyote vilivyounganishwa na betri, ikarudisha kitu ambacho moto haukuweza kutoa hata kidogo: nuru isiyojali upepo.

Mpinzani wa kwanza atauliza kuhusu Hendee Special. Hiyo ilikuwa pikipiki ya kampuni ya Indian ya mwaka 1914, yenye taa za umeme na mota ya kuwashia injini, jambo ambalo halikuwa limezoeleka kabisa kwenye magurudumu mawili. Betri zake hazikustahimili, na ndani ya muda mfupi ikaondolewa sokoni. Wengi waliona hapo ushahidi kwamba umeme na pikipiki haviendani. Nadhani waliusoma vibaya ushahidi huo. Mota ya kuwashia injini huvuta makumi ya ampea kwa mkupuo, na hiyo ndiyo iliyozinyonya betri hadi zikafa. Taa zilihukumiwa kwa kosa la mota. Mwaka uliofuata Harley-Davidson ilitoa modeli ya 11-J, yenye jenereta ya Remy na taa za umeme mbele na nyuma bila mota ya kuwashia, na mpango huo ukadumu. Uingereza ilichelewa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Lucas ya Birmingham ilitoa Magdyno, iliyounganisha magneto ya kuwasha spaki na dinamo ya kuchaji betri katika kifaa kimoja. Hata hivyo, kwa miaka mingi taa za umeme ziliuzwa kama nyongeza ya kulipiwa kando, na mnunuzi mwenye mfuko mwepesi alirudi kwenye kabaidi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Taa ya moto, mtu anaweza kusema, ilimlazimisha mwenyewe ashuke, afungue kioo na kuiwasha kwa kiberiti, hivyo kila jioni aliikagua apende asipende. Ya umeme huwashwa kwa swichi iliyo mbele, basi uzi ukikatika hapatakuwa na mkono wala jicho litakalojua. Umeme, kwa hoja hiyo, haukuondoa kasoro ya taa isiyoonekana bali uliihamisha kutoka kwenye utambi hadi kwenye uzi. Pingamizi hili lina ukweli, na mafundi wa zamani walilijua vizuri. Walijua pia kwamba mara nyingi balbu yenyewe ni nzima, na tatizo ni ethi: umeme ulirudi kwenye betri kupitia chuma cha madigadi na fremu, na penye kutu au rangi mpya chini ya bolti njia hiyo ilikatika. Katika pikipiki ndogo zilizowasha taa moja kwa moja kutoka kwenye flaiwili ya magneto, kama zile za injini za Villiers, palikuwa na mtego mwingine. Nguvu yote iligawanywa kati ya balbu ya mbele na ya nyuma. Ya mbele ikiungua, nguvu iliyobaki ilimiminikia ile ndogo ya nyuma na kuiunguza nayo, na kwa kuwa taa hizo zilitegemea mzunguko wa injini, zilififia injini ilipopunguza kasi.

Lakini tofauti kati ya uzi na utambi inabaki, nayo ni kubwa. Kasoro ya moto ilikuwa katika asili yake, haikuweza kutibiwa ila kwa kugeuza shingo. Kasoro ya umeme inatibika kwa umeme wenyewe. Katika magari kadhaa ya Marekani ya zama hizo mafundi waliiunganisha balbu ya nyuma mfululizo na ile ya dashibodi, umeme ukapita kwanza hii kisha ile. Uzi wa nyuma ukikatika, dashibodi nayo huingia giza mbele ya dereva, naye akajua. Sioni suluhisho la enzi hizo linalopendeza kuliko hilo: hakikuongezwa kifaa chochote, ni njia ya waya tu iliyobadilishwa, na taa isiyoonekana ikapata mdomo wa kusema. Hakuna mpira wa gesi ungeweza kufanya hivyo.

Pingamizi la tatu halikutoka kwa mafundi, lilitoka kwa waendesha baiskeli wa Uingereza, na halikuwa la kiufundi kabisa. Sheria ya taa ya 1927 ilizitaka pikipiki na magari ziwe na taa nyekundu nyuma, ila baiskeli iliruhusiwa kubeba rifleka badala ya taa. Chama cha waendesha baiskeli, CTC, kiliipinga taa ya lazima kwa nguvu. Hoja yake ilikuwa kwamba anayekuja nyuma ndiye mwenye wajibu wa kwenda kwa kasi ambayo macho yake yanaimudu, na kumlazimisha aliye mbele ajitangaze ni kumhamishia mzigo usio wake. Ninaiheshimu hoja hiyo kwa sababu kimaadili iko sawa. Aliyeko mbele hana kosa kwa kuwa mbele. Tatizo ni kwamba rifleka hungoja mwanga wa mwingine. Gari linalofuata likiwa na taa hafifu au zilizoelekezwa vibaya, au dereva wake akiwa amepofushwa na taa za anayekuja upande wa pili, rifleka hukaa kimya wakati uleule inapohitajika. Na kadiri taa za mbele zilivyozidi ukali, ndivyo upofu huo ulivyoongezeka. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa humeza karibu mita 17 kila sekunde, nayo hiyo ni nafasi ndogo ya kubishana kuhusu wajibu ni wa nani. Giza la lazima la wakati wa Vita vya Pili lilisukuma taa ya nyuma hata kwenye baiskeli, na sheria ya 1945 ikaifanya ya kudumu. Ile ya 1953 ikazitaka pikipiki ziwe na taa na rifleka kwa pamoja, na huo naona ndio uamuzi sahihi: taa kwa ajili ya giza, rifleka kwa ajili ya siku ambayo taa imezima.

Mambo haya si ya makumbusho tu. Globu inayotumika sana kwenye pikipiki zenye umeme wa volti 12 ina nyuzi mbili, ya wati 5 kwa taa ya nyuma na ya wati 21 kwa breki, na pini zake za pembeni zimewekwa kwenye vimo tofauti makusudi ili isiingie kinyume. Ikilazimishwa kuingia hivyo, taa ya nyuma itawaka kwa ukali kama breki, na breki ikikanyagwa itaongeza wati 5 tu, dalili ambayo dereva wa nyuma hawezi kuielewa. Wanaobadilisha globu ya zamani kwa LED nao wajue kwamba LED nyeupe ina mwanga mdogo sana katika sehemu nyekundu, kwa hiyo nyuma ya kioo chekundu hufifia na kugeuka rangi ya waridi. Globu ya uzi haina shida hiyo kwa kuwa mwanga wake una wekundu mwingi. Nyuma ya kioo chekundu weka LED nyekundu, na kidirisha cha kibao cha namba kiachiwe mwanga mweupe.

Ndugu bodaboda, jioni hii kabla hujapakia abiria wa kwanza, washa taa, zunguka nyuma, kanyaga breki kwa mkono ikibidi, na uitazame ikibadilika. Ukikuta giza, safisha ethi kabla ya kununua globu.