Kazi ya Moyo na Kazi ya Riziki

Tafadhali fungueni madaftari yenu, na kalamu ziwe karibu, maana leo tutapiga hesabu kidogo. Somo letu lahusu watu wa sanaa: waimbaji, wachoraji, wachonga vinyago na watunga mashairi. Swali letu ni hili: Je, yampasa msanii awe na kazi nyingine ya kumpa riziki, au aiache na kuitegemea sanaa yake peke yake?

Tuanze na mfano. Tuseme yuko kijana anayeshona nguo katika duka la fundi cherehani. Mchana hushona, usiku huchonga mpingo. Ana mke, na mtoto mmoja anayesoma shule. Mwezi wa Aprili aliuza vinyago vitatu kwa siku moja, akapata shilingi 210,000. Akaenda mbio kwa mjomba wake.

"Shikamoo mjomba. Nimekuja kukuambia kwamba naacha cherehani. Sasa nitachonga tu."

"Marahaba mwanangu. Heri uache tezo kuliko cherehani. Mtoto wako hatakula vinyago."

"Lakini mjomba, mshika mawili, moja humponyoka."

"Nami nakuambia, akiba haiozi."

Basi wasikilizaji, nani msema kweli? Methali zote mbili ni za wazee wetu, na zote mbili zina maana. Kabla ya kuamua, natutazame maisha ya watu watatu mashuhuri.

Wa kwanza ni Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga. Wengi wamjua kuwa mwandishi mkubwa wa Kiswahili. Lakini mkate wake wa kila siku aliupata kwa ukarani. Alianza kazi katika idara ya forodha mwaka 1926, na baadaye akafanya kazi katika ofisi ya wilaya na ofisi ya upimaji wa ardhi huko Tanga. Katika miaka hiyo hiyo ya ukarani ndimo alimoandika vitabu na mashairi mengi. Kitabu chake Kusadikika kilitolewa mwaka 1951. Alifariki mwaka 1962. Sasa sikilizeni vizuri: kitabu chake Kufikirika kilitolewa mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Vitabu hivyo vilitoka wakati mwenyewe yumo kaburini. Kama angalitegemea fedha za vitabu hivyo kulisha nyumba yake, nyumba ingalilala njaa. Ukarani haukumzuia kuwa mwandishi. Ulimpa chakula wakati vitabu vikingoja.

Wa pili ni Siti binti Saad wa Unguja, ambaye Shaaban Robert mwenyewe aliandika wasifu wake. Siti alizaliwa Fumba, yapata mwaka 1880, katika jamaa ya wafinyanzi. Alikuwa akichukua vyungu na kuvipeleka mjini kuviuza, na sauti yake ilisikika njiani akinadi. Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza kuimba taarabu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, kuimba katika santuri, na santuri zake zikanunuliwa sana pwani yote. Hesabuni: tangu 1911 mpaka 1928 ni miaka mingapi? Ni miaka 17. Siti aliacha vyungu, naam, lakini uimbaji wake haukukomaa kwa siku moja. Na ile biashara ya vyungu haikuwa hasara, maana sauti yake ilizoea kuita watu tangu hapo.

Wa tatu ni Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akaja Dar es Salaam akafanya kazi za nyumbani na vibarua. Karibu na mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege juu ya mbao nyembamba, kwa rangi za mafuta kama zile zinazopakwa baiskeli. Vifaa vyake vilikuwa vya bei rahisi. Tena hakuijua sanaa yake peke yake, bali aliwafundisha jamaa zake. Alifariki mwaka 1972, kabla ya kufika umri wa uzee, lakini wanafunzi wake waliendelea kuchora, na baadaye wakaunda chama cha ushirika. Hadi leo michoro ya namna hiyo yaitwa Tingatinga.

Mmeona? Watu hawa watatu hawakufuata njia moja. Lakini hakuna hata mmoja aliyeanza kwa kuitupa kazi ya riziki siku ile alipopenda sanaa.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni mapato yake ya vinyago kwa miezi 6, baada ya kutoa gharama ya mti:

Januari: shilingi 150,000
Februari: shilingi 20,000
Machi: hakuna
Aprili: shilingi 210,000
Mei: shilingi 40,000
Juni: shilingi 60,000

Jumla ni shilingi 480,000. Gawanyeni kwa 6. Mtapata shilingi 80,000 kwa mwezi. Nyumba yake yahitaji shilingi 200,000 kila mwezi. Basi kila mwezi amepungukiwa na shilingi 120,000. Mwezi wa Aprili ulimdanganya. Mwezi wa Machi ndio uliomwambia kweli, lakini hakuuandika popote. Ndiyo maana twajifunza kuandika: mtu asiyeweka daftari hukumbuka siku ya furaha tu.

Je, mjomba ameshinda? La, hajashinda. Shilingi 80,000 si kitu cha kutupwa. Tena kijana akiitupa tezo, ule ufundi utakufa mikononi mwake, naye atazeeka na uchungu moyoni. Methali yake kijana pia ni ya kweli: kazi ya riziki hula saa, na mtu akichoka sana hawezi kuchonga. Kazi ya akiba isiyo na mpaka huimeza sanaa yote.

Kwa hiyo nawashauri mambo manne.

Kwanza, chagueni kazi ya riziki inayobakiza nguvu, yenye saa zinazojulikana.

Pili, sanaa nayo ipewe saa yake. Kama ni saa 2 kila usiku, ziwe saa 2, na watu wa nyumbani waziheshimu.

Tatu, andikeni kila senti inayoingia na inayotoka, kwa mwaka mzima.

Nne, msanii asiache kazi ya riziki mpaka daftari lionyeshe kwamba sanaa imetosheleza nyumba kwa miezi 12, ile mibaya pamoja na ile mizuri.

Kijana wetu na abaki na cherehani yake kwa sasa. Mjomba naye asiseme tena habari za kutupa tezo. Afadhali amnunulie mpwa wake daftari. Mwaka ukiisha, na waketi wote wawili walisome pamoja. Hapo hawatagombana kwa methali, maana jibu litakuwa limeandikwa mbele yao.

MASWALI YA KUJADILIANA DARASANI

1. Shaaban Robert alifanya kazi gani ya riziki?
2. Kwa nini mwezi wa Aprili ulimdanganya kijana?
3. Kama wewe ungekuwa mke wa kijana huyu, ungemshauri nini?

MANENO YA KUKUMBUKA

Kunadi: kutangaza bidhaa kwa sauti.
Santuri: sahani iliyotiwa sauti za nyimbo.
Tezo: chombo cha kuchongea mti.

Kwaherini wasikilizaji, mpaka somo lijalo.