Mazutu au umeme? Hesabu ya gari la mizigo kati ya Butembo na Beni

Mfanyabiashara wa Butembo anayetafuta gari dogo la kusambazia bidhaa haanzi kwa kuuliza injini yake ni ya aina gani. Anauliza litabeba magunia mangapi, na likikwama njiani nani atalitengeneza. Kwa miaka mingi maswali hayo yalikuwa na jibu moja, nalo ni mazutu. Sasa jibu hilo linapingwa kutoka pande mbili. Viwanda vya China vinazidi kushusha bei ya magari ya umeme, na nchi za ukanda huu zimegeuza sera zao: mwaka 2024 Ethiopia ilipiga marufuku kuingiza magari ya abiria yanayotumia mafuta, na mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia magari, ikiwa nafuu zaidi usiku. Wapo wanaoona kwamba jimbo letu la Kivu ya Kaskazini, pamoja na mito yake yote, haina sababu ya kubaki nyuma. Wengine wanaona kwamba gari la umeme ni la miji yenye lami. Wote wanabishana juu ya mashine, ilhali uamuzi uko kwenye mambo mawili yaliyo nje ya mashine: umeme unaoingia kwenye depo, na kilomita ambazo gari litakwenda kwa mwaka. Ukiyapima yote mawili, utakuta gari la umeme lina nafasi hapa, lakini ni nafasi nyembamba, na iko mahali ambapo wengi hawapatazamii.

Tuanze na umeme. Gari dogo la mazutu lenye mzigo hunywa karibu lita 11 kwa kilomita 100. La umeme lenye ukubwa huo hutumia takriban uniti (kilowati-saa) 33, ukihesabu na zile zinazopotea wakati wa kuchaji. Lita 11 kwa uniti 33 ni uwiano wa moja kwa tatu, na hapo ndipo kila mnunuzi anapopata kipimo chake: umeme una faida pale tu uniti moja inapouzwa chini ya theluthi ya bei ya lita moja ya mazutu. Kipimo hicho hicho kinafunga mlango kwa wanaofikiria kuchaji kwa grupu, yaani jenereta ya mazutu. Grupu dogo hutoa takriban uniti tatu kwa lita, kwa hiyo uniti 33 zitahitaji lita 11. Gari litaunguza mazutu yale yale, ila kwa kupitia mashine mbili badala ya moja. Asiye na waya wa umeme wa maji unaofika kwenye depo yake usiku kucha, bila kukatika ovyo, asome makala haya kwa udadisi tu.

Umeme huo wa maji upo, ingawa historia yake inamfundisha mtu tahadhari. Serikali ilipochelewa kuleta umeme, wafanyabiashara wa Butembo wenyewe walichanga mtaji wakaanzisha kampuni ya SENOKI wakiwa na lengo la kujenga bwawa la Ivugha. Baadaye Hifadhi ya Virunga ilianza kuzalisha umeme Mutwanga, chini ya Rwenzori, mwaka 2013, kisha ikajenga kituo kikubwa zaidi Luviro, katika wilaya ya Lubero, chenye zaidi ya megawati 14. Kabla waya za kutosha hazijafika kwa wateja, mwaka 2020 hifadhi iliweka Luviro mashine za kuchimba sarafu ya kidijitali ya bitcoin ili umeme usipotee bure. Jambo hilo liliushangaza ulimwengu, lakini kwa mtu wa biashara lina somo moja la wazi: katika eneo hili mto unaweza kuwa na nguvu kuliko waya, na umeme wa ziada, hasa wa usiku, hutafuta mnunuzi. Gari linalochajiwa saa nne usiku hadi alfajiri ni mnunuzi wa aina hiyo hasa.

Sasa kilomita. Gari la umeme ni ghali kununua na nafuu kuendesha, kwa hiyo hulipa deni lake kwa kutembea sana. Tuchukue tarakimu za mfano, na kila mtu aweke zake: tofauti ya bei ya kununua dola 10,000, mazutu dola 1.50 kwa lita, umeme dola 0.25 kwa uniti. Gari linalosambaza sabuni na unga mitaani Butembo, kilomita 40 kwa siku kwa siku 300, litaokoa kiasi cha dola 990 kwa mwaka, maana yake miaka kumi kabla ya kurudisha tofauti. Hapo mwenye akili atabaki na mazutu, au ataendelea na pikipiki ya magurudumu matatu, na chukudu, ile baiskeli ya mbao, itaendelea kushusha viazi kutoka vilimani bila kumwuliza mtu. Upande wa pili kuna barabara ya Kasindi. Kutoka Butembo kupitia Beni hadi mpaka wa Uganda ni kilomita 130 na ushei, kwenda tu, na shehena inayotoka Mombasa huja kwa malori makubwa ambayo gari dogo haliwezi kushindana nayo. Kusini, barabara ya Goma inaishia kwenye vita tangu waasi wa M23 walipouteka mji wa Kanyabayonga mwezi Juni 2024. Inabaki njia moja: Butembo–Beni, kilomita 54. Kwenda na kurudi ni 108, na betri ya uniti 50 hadi 60 inaziweza kwa chaji moja ya usiku. Gari likifanya safari hiyo siku 300, litaokoa kama dola 2,670 kwa mwaka, na tofauti italipwa ndani ya miaka minne.

Pingamizi la kwanza ni milima. Butembo iko juu ya Beni kwa mita zipatazo 600, na dereva anajua jinsi injini inavyolalamika akipanda na mzigo. Lakini kulipandisha gari la tani tatu na nusu mita 600 kunahitaji uniti kama sita tu, na sehemu yake hurudi kwenye betri gari likiteremka, kwa kuwa mota hugeuka kuwa jenereta wakati wa kupunguza mwendo. Isitoshe, hewa nyepesi ya Butembo hupunguza nguvu ya injini isiyo na turbo, na mota ya umeme haihitaji hewa. Kwa hiyo mlima ni hoja ya umeme, si ya mazutu. Matope na uzito ni jambo jingine. Betri ya ukubwa huo ina kilo mia nne hadi mia tano, na kila kilo yake ni kilo iliyoondolewa kwenye mzigo. Mwenye desturi ya kujaza gari kupita kiasi ataua magurudumu, na umbali wake utapungua. Mnunuzi wa magari yaliyotumika awe macho zaidi: Nissan e-NV200 ya zamani kutoka Japani, yenye betri ya uniti 24, inaweza kuvutia kwa bei, lakini haiwezi kwenda Beni na kurudi.

Pingamizi la mafundi ni zito. Gari la mazutu aina ya Canter kila garaji inalijua, na vipuri vyake vimejaa. Gari la umeme halina pampu ya mafuta wala nozeli za kuzibwa na mazutu yaliyochakachuliwa ya makadhafi, wauzaji wa mafuta wa mitaani, lakini likigoma linahitaji kompyuta na mtu aliyesoma. Anayenunua moja peke yake amejitenga na mafundi wote wa mji. Wengine hujitetea kwa uzalendo, kwamba betri ina kobalti ya Kongo. Betri nyingi za magari ya mizigo ya China leo ni za chuma na fosfati, hazina kobalti hata kidogo. Uzalendo uwekwe kando, hesabu ibaki.

Zito kuliko yote ni usalama. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi, na mashambulizi ya waasi wa ADF yamefunga barabara mara nyingi. Gari la bei kubwa likichomwa, hasara ni kubwa zaidi. Barabara ikifungwa, kilomita hazitembei: siku zikishuka kutoka 300 hadi 200, miaka minne inakaribia sita. Hilo siwezi kulipinga. Hata hivyo mazutu nayo ni mateka wa barabara. Hupitia Kenya na Uganda, na Januari 2022 mgomo wa madereva wa malori kwenye mpaka wa nchi hizo mbili ulitosha kuyaadimisha Uganda yote. Umeme wa Luviro hauvuki mpaka wowote.

Uamuzi basi ni huu. Mwenye gari la mtaani abaki na mazutu. Mwenye mzigo wa Kasindi abaki na mazutu. Mwenye mzigo wa kila siku kati ya Butembo na Beni, na umeme wa maji kwenye depo, ana sababu ya kujaribu, lakini asijaribu peke yake. Wanachama wa FEC, shirikisho la wafanyabiashara, tawi la Butembo, waungane wanunue magari matano au sita ya aina moja, wafundishe mafundi wawili, na kabla ya kulipa hata senti watie saini mkataba wa bei ya usiku na kampuni ya umeme. Bila mkataba huo, wasinunue.