Jumapili ya Lubaga: Majani ni Rahisi, Moto Ndio Ghali



Wengi wenu mmekuwa mkiuliza swali moja: hawa ndugu zetu walioko Kampala wanakula nini hasa? Mwenye ndugu mjini anadhani kule ni kuku na chipsi kila siku. Aliyeko mjini naye anadhani sisi huku kambini tunapewa chakula mpaka tunamwaga. Wote wanadanganyana. Basi mwezi huu ukurasa wetu wa familia unakwenda Lubaga, tena siku ya Jumapili, siku ambayo kila mama anataka sufuria yake iwe na heshima.

Kwa wale wasiopajua: Lubaga (wengine wanaandika Rubaga) ni sehemu ya magharibi ya Kampala. Juu ya kilima chake limesimama Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria, lililomalizika kujengwa mwaka 1925. Kilima cha pili ni Namirembe, kanisa kuu la Waanglikana, na karibu yake Mengo, penye jumba la Kabaka. Hayo ndiyo mambo ya juu kilimani. Chini, kwenye mabonde, ndiko waliko watu wetu: Nakulabye, Kasubi, Ndeeba, Kabowa, Nateete mpaka Busega. Wengi wanapanga chumba kimoja, kile Waganda wanakiita muzigo. Mlango mmoja, dirisha moja kama lipo, na nje ya mlango ndiyo jikoni.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi, kwa hiyo kukaa mjini si kosa. Lakini chakula cha msaada kinatolewa kambini, hakimfuati mtu Kampala. Na hata kambini mambo si kama zamani. Mwaka 2025 Shirika la Chakula Duniani lilikosa fedha, likasimamisha chakula kwa wakimbizi karibu milioni moja hapa Uganda. Zamani kulikuwa na familia za mjini zilizosaidiwa kigunia cha mahindi au maharage na shangazi aliyeko kambini. Njia hiyo imekuwa nyembamba sana. Kwa hiyo kila kinachoingia kwenye sufuria ya Lubaga kimenunuliwa, hata maji.

KINU CHA JUMAMOSI

Jumapili ya Mkongomani wa Lubaga haianzi Jumapili. Inaanza Jumamosi mchana, kwa kinu. Sombe ndiyo malkia. Kuna wanaopika wali na maharage, kuna wanaonunua samaki mbichi, lakini ukipita Nateete au Kabowa Jumamosi ukasikia mchi unapiga du, du, du, usiulize, umefika kwa watu wa Kivu.

Kwa nini sombe iwe ya Jumapili? Wageni wanafikiri ni kwa sababu ni chakula cha sherehe. Hapana. Majani ya muhogo ni mboga ya maskini tangu zamani. Ni ya Jumapili kwa sababu inataka muda na inataka mikono. Siku za kazi mama yuko barabarani anatembeza vitenge, au yuko saluni anasuka nywele, au anafua nguo za watu. Akirudi usiku hana nguvu ya kushika mchi. Na mwenye nyumba naye hataki kinu usiku, eti ukuta unatikisika. Hapo sisi hatuwezi kumlaumu, kuta zenyewe ni zile!

Majani yenyewe hayana shida. Waganda hawana mazoea sana ya kula majani ya muhogo, wao wanapenda mizizi. Kwa hiyo mwenye shamba dogo pembeni ya mji mara nyingine anaona ajabu mtu kumlipa kwa majani. Wamama wanachagua yale machanga ya juu, wanaondoa vikonyo, wanaosha, halafu wanatwanga pamoja na vitunguu, poaro, pilipili mboga na biringanya. Ikishakuwa laini, usikimbilie sufuria. Iache masaa machache, kisha iosha tena. Si uvivu huo. Majani ya muhogo yana sumu, na kutwanga kunaivunja sumu itoke. Halafu ukianza kuchemsha usifunike, acha mvuke uende zake. Bibi zetu walijua hayo bila kusoma maabara.

MOTO NDIO UNAOKULA PESA

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Sombe haiivi haraka. Inataka saa nzima na zaidi, wengine saa mbili, ndipo utie mawese na samaki, na bado iendelee kuchemka taratibu mpaka mafuta yaelee juu. Muda wote huo mbabula inakula makaa. (Mbabula ndiyo hiyo hiyo sigiri ya Kampala na jiko la Wakenya, tusigombane kwa majina.)

Mwezi wa tano mwaka 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kukataza biashara ya makaa kutoka kaskazini mwa Uganda, kwa sababu miti ilikuwa inaisha. Kuhifadhi miti ni jambo jema, hatupingi. Lakini Kampala yote inapika kwa makaa, na bei ilipanda. Mtu mwenye pesa ananunua gunia zima. Mwenye muzigo ananunua kwa kopo au kwa kavera, kidogo kidogo, na ukijumlisha makopo ya mwezi utakuta maskini amelipa zaidi kuliko tajiri mwenye gunia.

Ndiyo maana tunasema majani ni rahisi, moto ndio ghali. Mama anayehesabu bei ya sombe kwa fungu la majani bado hajahesabu.

Wamama wa Lubaga wamepata dawa yake, nayo ni sufuria moja kwa milango mitatu. Familia tatu au nne za uwanja mmoja wanapika pamoja. Huyu analeta majani na kutwanga, huyu analeta mawese, huyu samaki, huyu makaa na sufuria kubwa. Chemsho la kwanza linafanyika Jumamosi jioni, juu ya moto uliobaki baada ya kupika chakula cha usiku. Jumapili wanamalizia. Kila mmoja anasonga bugali yake nyumbani, kwa sababu bugali haina ushirika, kila mtu anajua ugumu anaoutaka.

Mpango huu unafurahisha ila unaleta ugomvi, tuseme ukweli. Ugomvi ukitokea, mara nyingi unatoka kwa mwenye makaa. Majani na samaki vinaonekana kwenye sahani, makaa hayaonekani, yamekuwa majivu. Anajiona ametoa sana na hakuna anayemshukuru. Sisi tunashauri hivi: makaa yahesabiwe KWANZA, kabla ya kitu kingine chochote, na yagawanywe kwa milango yote. Vitu vingine kila mtu alete anavyoweza. Na mama aliyejifungua, au mzee anayekaa peke yake, apewe sahani bila kuulizwa ameleta nini.

ANGALIA UNGA WAKO

Hapa tunaomba msome polepole, na asiyejua kusoma asomewe.

Wengi wetu tunachanganya unga wa muhogo na wa mahindi kwenye bugali. Mwezi wa tisa mwaka 2017, huko Kasese, watu 98 waliugua baada ya kula chakula cha unga wa muhogo, na wawili wakafa. Ugonjwa ulionekana kwanza kwa watu waliokula pamoja kwenye mazishi. Ulikuwa muhogo mchungu, na sumu ilikuwa haijatoka. Kule kwetu Congo, upande wa Kwango, watu wanaujua ugonjwa wa konzo: mtu anaamka asubuhi miguu imekaza, na haiponi tena. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938, na unakuja pale watu wanapokula muhogo mchungu kila siku bila kuuloweka vizuri na bila kitoweo cha samaki, nyama au maharage.

Muhogo mchungu unatakiwa ukae majini siku tatu au zaidi kabla ya kuanikwa. Wakati wa njaa, au wakati bei imepanda, kuna wafanyabiashara wanaoharakisha. Kwa hiyo nunua kwa mtu unayemjua. Ukionja ukasikia uchungu, usiseme utakwisha motoni.

Kuna njia moja iliyofundishwa huko Kwango, haina gharama. Weka unga mkavu kwenye beseni, weka alama pale unapofika. Tia maji huku unakoroga. Kwanza unga utashuka, halafu utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha kutia maji. Tandaza unga huo mbichi juu ya mkeka, uwe mwembamba usiozidi unene wa kidole. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini, halafu upike siku hiyo hiyo. Inapunguza sumu sana. Jumapili inafaa: unatandaza kabla ya kwenda kusali, unarudi uko tayari. Mwachie mtoto fimbo ya kufukuza kuku.

SAMAKI MGENI, NA SISI WAGENI

Mtu wa Bukavu bila sambaza anajiona yatima. Mtu wa Uvira analilia ndakala na mukeke. Lubaga hakuna, au ikija ni ya kubebwa kwenye mfuko na mgeni, na inapikwa kwa ibada. Makayabu ya chumvi ipo mjini lakini bei yake ni ya harusi. Basi wanatumia mukene, dagaa wa Ziwa Victoria. Wanachambua mchanga, wanaukaanga kidogo pasipo mafuta ili harufu ipungue, ndipo unaingia kwenye sombe. Wengine wananunua mifupa ya sangara inayobaki baada ya viwanda kuchuna minofu. Kisumu wanaiita mgongo wazi. Ina nyama zaidi ya unavyodhani, hasa kichwani.

Wazee wanalalamika kwamba mukene si sambaza. Ni kweli, si sambaza. Lakini tuwakumbushe wazee kwa heshima kwamba sambaza mwenyewe si mwenyeji wa Kivu. Alichukuliwa Ziwa Tanganyika na kupandwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Na muhogo wetu huu tunaouapia ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno ndio walioleta.

Majirani nao wana Jumapili yao. Mganda anafunga matoke kwenye majani ya ndizi, anaiweka kwenye mvuke tangu asubuhi, na pembeni binyebwa, mchuzi wa karanga. Siku kubwa anapika luwombo, nyama au kuku iliyofungwa ndani ya jani changa la ndizi na kupikwa kwa mvuke. Inasimuliwa kwamba luwombo ilianzishwa mwaka 1887 na mpishi wa Kabaka Mwanga, na Mwanga alikaa hapo hapo Mengo. Sisi tuliozoea liboke ya samaki hatuna cha kushangaa, tunatambua ndugu yake. Nyumba nyingi za Lubaga siku hizi zinabadilishana sahani ukutani, sombe inakwenda, matoke inarudi.

Kwa Warundi utakuta maharage na ndizi ndani ya sufuria moja, na mawese juu. Maharage nayo yanakula makaa, ila yana ujanja wake. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu dakika ishirini, halafu ondoa sufuria motoni ikiwa imefunikwa vizuri na uifunge ndani ya blanketi kwenye kikapu. Nenda kanisani. Makanisa yetu ya Kiswahili yanajulikana, yanatoka saa nane mchana, na mchungaji akisema namalizia bado kuna nusu saa. Ukirudi maharage yamekaribia kuiva. Yachemshe tena vizuri, tia ndizi na chumvi, kwisha.

WATOTO

Shida nyingine haihusu pesa. Mtoto aliyeletwa na miaka miwili sasa anasoma Lubaga, anacheza kwa Kiluganda, na Jumapili anauliza, “Mama, leo tena sombe?” Anataka chipsi, anataka rolex ya mayai kwenye chapati kama wenzake. Wamama wengine inawauma kama matusi. Wengine wamekuwa wajanja: mtoto anapewa mchi. Anayetwanga hawezi kusema chakula ni kibaya, mikono yake imo humo. Na wakati anatwanga, anasikia wakubwa wanaongea, majina ya milima, ya masoko, ya watu ambao hajawahi kuwaona. Tunapenda njia hii kuliko kumlazimisha kwa fimbo. Na akila sombe kwa matoke badala ya bugali, mwacheni ale.

Sombe ya Jumapili inakuwa tamu zaidi Jumatatu. Kinachobaki kinachemshwa asubuhi na mapema, mpaka kitoe mapovu, na watoto wanakula kabla ya kwenda shule.

Mwezi ujao tunataka kuandika juu ya maharage peke yake. Mwenye njia yake ya kuyaivisha kwa makaa machache aiandike kwenye karatasi atuletee, na aseme ni maharage ya aina gani, maana ya manjano na yale mekundu makubwa hayaivi sawa.