Mpiga Gitaa Mkubwa Hupimwa kwa Nini?

Wapenzi wa muziki wakikutana Jumamosi jioni, baada ya mshahara kupokewa au mazao kuuzwa, hawakosi ubishi, na ubishi mmoja usiozeeka ni huu: katika wapiga magitaa wote waliopata kusikika katika Afrika ya Mashariki na Kongo, nani aliyekuwa mkubwa kweli kweli? Mmoja atamtaja Franco, mwingine Dr. Nico, na mzee aliyenyamaza muda wote atainua kichwa na kulitaja jina la Mwenda wa Bayeke. Hapo kelele huzidi. Lakini anayewasikiliza kwa makini ataona ya kuwa watu hao hawabishani hasa juu ya wapigaji, bali juu ya kipimo. Kila mmoja ameshika kibaba chake, na kila mmoja anadhani kibaba chake ndicho kinachotumika sokoni.

Jambo hili huonekana kuwa la kupotezea wakati, walakini si dogo. Kijana anayeweka akiba miezi mingi ili anunue gitaa, akarudi nalo nyumbani huku baba yake akilitazama kwa mashaka, atatumia miaka ya ujana wake akifuata kipimo kimoja au kingine. Akichagua kipimo kibaya atakuwa na vidole hodari na muziki usiohitajiwa na mtu.

Kipimo kinachopendwa na wengi ni wepesi wa vidole. Si vigumu kuona sababu. Wepesi husikika na kila mtu, hata yule asiyejua kutofautisha sauti na sauti, tena watu wawili huweza kulinganishwa kama waendao mbio za baiskeli. Lakini mbio za baiskeli zina mstari wa mwisho, na wimbo hauna. Mpigaji anayekimbia kuliko mwimbaji humwacha mwimbaji njiani. Na anayekimbia kuliko wachezaji huwaacha wamesimama ukumbini, hawajui waweke mguu wapi.

Wengine hutazama chombo. Husema ya kuwa fulani angepewa gitaa zuri la umeme na vipaza sauti vya kutosha, hapo ndipo angejulikana. Hoja hii ni dhaifu. Franco alipokuwa mtoto huko Leopoldville, mji uitwao Kinshasa siku hizi, alianzia kwenye gitaa la kujitengenezea kwa mkebe na nyaya. Na huko Liverpool, Uingereza, mwaka 1957, kijana John Lennon alikuwa akipiga gitaa la bei rahisi aina ya Gallotone, lililotengenezwa Afrika ya Kusini na kampuni ya Gallo, ile ile iliyokuwa ikiuza santuri katika nchi nyingi za Afrika. Jina hilo la Gallotone lilienea hata Tanzania, ambako wako watu waliozoea kuliita gitaa kavu “galatoni”. Na ni santuri za Gallotone zilizoipeleka mbali sauti ya yule Mwenda anayetajwa na wazee.

Mwenda Jean Bosco alizaliwa mwaka 1930 katika Katanga, kwa watu wanaoitwa Bayeke. Watu hao asili yao ni Unyamwezi, kwa maana Msiri, aliyeanzisha utawala wao katika karne ya 19, alitoka upande wa Tabora na misafara ya biashara. Kwa hiyo si ajabu kwamba nyimbo nyingi za Mwenda ni za Kiswahili, nacho ni Kiswahili cha Katanga, ambacho Mmvita angekicheka kidogo lakini akakielewa. Mwaka 1952 Bwana Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini na kuzunguka bara akirekodi ngoma na nyimbo, alimkuta kijana huyu katika mji wa Jadotville, ambao sasa ni Likasi, akamrekodi akipiga wimbo wa Masanga.

Katika Masanga gitaa ni moja na mpigaji ni mmoja, lakini msikilizaji asiyeambiwa hudhani kwamba magitaa ni mawili. Mkono wa kulia ulitumia vidole viwili tu. Kidole gumba kilishika nyuzi nene za chini, na kidole cha shahada kikashika nyuzi nyembamba za juu, na kila kimoja kikawa na mwendo wake. Ni kama mama na mtoto watokao kisimani na maji kichwani: hatua za mama ni ndefu na chache, hatua za mtoto ni fupi na nyingi, na wote wawili hufika nyumbani kwa wakati mmoja. Ajaribuye jambo hili kwa mara ya kwanza hugundua upesi kwamba kidole gumba hakitaki kuwa na akili yake peke yake. Huifuata shahada kila mahali. Kukifundisha kujitegemea ni kazi ya miezi, na wengi huishia hapo.

Sasa lipo jambo ambalo wabishi wengi hawalijui. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu wa muziki, David Rycroft, aliandika katika jarida la African Music uchunguzi mrefu juu ya upigaji wa Mwenda. Aliziandika sauti zake moja moja kwa noti, kazi ya kuumiza kichwa, akaonyesha jinsi Mwenda alivyokuwa akiubadilisha muziki palepale anapopiga. Alikuwa na vipande vyake vya msingi, lakini aliviunganisha upya, akarefusha hiki na kufupisha kile, kama msimulizi mzuri wa hadithi ambaye hakariri maneno ila huijua hadithi yenyewe.

Na tufikirie maana yake. Vijana wa miaka ya 1950 waliokaa mbele ya gramafoni, wakairudisha sindano mara mia ili wajifunze Masanga sauti kwa sauti, walikuwa wakijifunza upigaji wa Mwenda wa siku moja tu. Siku ya pili yeye mwenyewe hakuwa tena pale. Juhudi yao haikuwa bure, kwa sababu vidole vyao vilifunguka. Lakini aliyeishia hapo alibaki na picha ya mtu, si mtu.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alifika Nairobi, na wasikilizaji wa redio walimjua pia kwa wimbo wa kutangaza vidonge vya Aspro. Ndugu yake Edouard Masengo naye alifanya kazi Nairobi. Hapo wapiga magitaa wa Kenya waliviona vidole vyenyewe, si santuri tu. Wapo waliopiga kama Mwenda hata ukafumba macho usiweze kuwatenga, na majina yao yamesahaulika. Wapo wengine waliochukua ule ufundi wa gumba na shahada wakaupeleka kwao, wakauvisha nguo za kwao.

Mmoja wa hao alikuwa George Mukabi, Mluhya wa Kisa. Upigaji wake, uitwao omutibo, una vidole viwili vile vile, lakini mwendo wake haukutoka Katanga. Ni mwendo wa ngoma za Kiluhya, wenye kukazana na kurukaruka, na pembeni yuko mwenzake anayegonga na kukwaruza chupa ya Fanta. Chupa ya zamani ya Fanta ilikuwa na mikunjo mwilini, kwa hiyo ilifanya kazi ya kayamba bila gharama ila bei ya soda. Wimbo wake Sengula Nakupenda ulipendwa mno. Mukabi aliuawa mwaka 1963 angali na nguvu zake, na baadaye mwanawe Johnstone akaushika mtindo huo. Ukimpima kwa wepesi, wako waliomshinda. Ukimpima kwa gitaa lake, lilikuwa gitaa kavu tu. Lakini mtu wa Kisa aliposikia omutibo hakuuliza huyu ni nani wala katoka wapi.

Upande wa Nyanza jambo kama hilo lilitukia kwa njia yake. Wajaluo walikuwa na nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho mpigaji wake hukipiga kwa vidole huku pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu ikigonga mwendo. Vijana wao walipopata magitaa walianza kutafuta ndani yake ile sauti kavu, ya kudonoa, waliyoisikia kwa wazee, na hapo ndipo benga ilipotoka. D. O. Misiani na Shirati Jazz yake waliivusha mipaka. Mtu aliyefundishwa gitaa kwa vitabu vya Ulaya angesema kwamba vijana hao hawakulipiga gitaa kama ipasavyo. Na kweli, walilipiga kama nyatiti, na ushindi wao ulikuwa papo hapo.

Basi huenda kipimo chenye haki kuliko vingine ni kuuliza: je, mtu huyu alizaa wapigaji wasiofanana naye? Kuzaa wanaofanana si kazi ngumu. Kila santuri inayouzwa sana huzaa kundi la waigaji, na likipita msimu wamepita nao. Lakini mpigaji ambaye kazi yake humfanya mwingine agundue la kwake ameacha kitu kisichoisha pamoja naye. Kwa kipimo hicho mzee anayemtaja Mwenda ana hoja nzito. Mwenda alifika hata Marekani, kwenye tamasha la Newport mwaka 1969, akafa katika ajali ya barabarani huko Zambia mwaka 1990. Mwaka 1979 Mwingereza mmoja, John Low, alisafiri mpaka Lubumbashi ili ajifunze kwa mabingwa hao wa zamani, akaandika kitabu juu ya safari hiyo.

Mtu wa Franco na mtu wa Nico hawatanyamazishwa hivyo, wala haifai wanyamazishwe, maana ubishi wao una utamu wake. Nicolas Kasanda, aliyeitwa Dr. Nico kwa jinsi alivyolitibu gitaa, alizaliwa Kasai mwaka 1939, akaingia African Jazz ya Joseph Kabasele angali mvulana, na mwaka 1963 akawa mmoja wa waanzilishi wa African Fiesta. Sauti zake zilikuwa safi, kila moja imetengwa na mwenzake kama shanga katika uzi. Alipenda hata gitaa la Kihawai, linaloteleza kutoka sauti hadi sauti. Hapa wepesi ulikuwapo, tena mwingi, lakini ulikuwa na adabu: Kabasele alipoimba, Nico alingoja, na mwimbaji alipovuta pumzi, Nico alijibu.

Franco Luambo, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufa mwaka 1989, alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Yasemekana ya kuwa utotoni alipiga gitaa kando ya meza ya mama yake, aliyekuwa akiuza maandazi sokoni, ili wanunuzi wasogee. Mafunzo hayo hayakumtoka. Katika OK Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1956, alipofika kwenye sebene, pale ambapo waimbaji hunyamaza na magitaa hutawala, alichukua kipande kifupi cha nyuzi mbili zilizodonolewa pamoja, akakirudia, akakirudia tena, sauti nzito na ya kukwaruza, mpaka ukumbi mzima ukawa mwili mmoja. Mashabiki wa Nico walisema huyo hajui ila jambo moja. Labda. Lakini wangapi wanaweza kulirudia jambo moja mara hamsini mchezaji asichoke nalo? Kurudia kwa namna hiyo ni ujuzi mgumu kuliko kupamba, na ndiyo sababu waliojaribu kumwiga Franco walichosha watu upesi kuliko waliojaribu kumwiga Nico.

Katika kelele hizo zote kuna mtu ambaye hukosa wa kumtetea, naye ni mpigaji wa gitaa la pili. Mwaka 1960 Kabasele na wenzake walikuwa Brussels wakati wa mkutano wa uhuru wa Kongo, wakarekodi wimbo wa Indépendance Cha Cha, ambao ulipigwa Afrika nzima. Kila mtu alijua kuwa sauti ni ya Kabasele, na wajuzi walijua kuwa gitaa linalopanda na kushuka ni la Nico. Lakini chini yake lipo gitaa lingine, lisilopanda wala kushuka, linalokwenda sawasawa kama saa ya ukutani, na juu ya hilo Nico aliweza kucheza apendavyo bila hofu ya kuanguka. Mpigaji wake ni Charles Mwamba, aitwaye Déchaud, kaka yake mkubwa Nico. Mwenye santuri hiyo na aiweke tena, safari hii asimsikilize Kabasele wala Nico, amfuate Déchaud peke yake toka mwanzo hadi sindano inaponyanyuka.