Rafiki anayetaka kusifiwa kila siku

Tulisoma darasa moja katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wilayani Kasulu, iliyofungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Leo sote tumerudi Burundi. Mimi ni mwalimu, yeye ni mfanyabiashara. Ukimweleza shida yako, anaanza kusimulia yake. Nilipofiwa na mama, aliwaeleza waombolezaji habari za nyumba anayojenga. Ukimkosoa, hata kwa utani, ananuna wiki nzima.

Si kila mwenye majivuno ni mgonjwa. Madaktari wa akili wa Marekani waliiingiza hali ya kujipenda kupindukia katika mwongozo wao mwaka 1980. Siku hizi mwongozo huo unataka zionekane walau dalili 5 kati ya 9, na anayepima ni mtaalamu, si jirani.

Sisi marafiki kazi yetu ni kuweka mipaka. Simkopeshi tena fedha, simbishii mbele za watu, na siri zangu nawapelekea wengine. Akianza kufoka, namwambia, "Ndugu yangu, tutaongea ukitulia," kisha naondoka.

Sijamtupa, anawajua marehemu wangu wote kwa majina. Lakini, ndugu msomaji, urafiki wa miaka mingi si deni la kulipwa kwa kudharauliwa.