Uzi 'unalala' au 'umelala'? Sarufi ndani ya kiini cha tarakilishi

Majuzi mwanafunzi mmoja wa masomo ya tarakilishi hapa Kisii alinijia na swali la nusu kejeli. "Prof, haya mambo ya keneli hayasemeki kwa Kiswahili. Utasema uzi unalala? Uzi utalala wapi?" Nilicheka. Nikamwambia neno 'uzi' halina neno. Tatizo ni kile kiambishi '-na-' alichokitia.

Tuanze na keneli yenyewe, ambayo mimi huiita kiini. Ni ile sehemu ya programu endeshi inayosimamia kumbukumbu, kibodi, skrini na vifaa vingine. Kiini cha Linux, kwa mfano, kilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Simu ya Android iliyo mfukoni mwako, mpenzi msomaji, inaendeshwa na kiini hicho.

Programu za kawaida haziruhusiwi kugusa kibodi moja kwa moja. Hupitia kiolesura, yaani dirisha ambalo kiini hupokelea maombi. Fikiria kituo cha kununulia majani chai kule Nyamira. Mkulima haingii kwenye daftari akajiandikia kilo. Karani hupima, akaandika nambari ya mkulima na uzito, basi. Kiini nacho hufanya vivyo hivyo. Ukibonyeza kitufe cha A, Linux haiandiki 'A'. Huandika nambari 30, pamoja na 1 kuonyesha kimebonyezwa, 0 kimeachiliwa, au 2 kimeshikiliwa. Kwenye kibodi ya Kifaransa, kitufe cha mahali hapohapo huandika Q, na kwa kiini bado ni 30. Herufi huamuliwa baadaye, na programu zilizo juu yake. Kwa hivyo anayedai kwamba tarakilishi "inajua Kiingereza tu" hajachungulia ndani yake.

Sasa tuje kwenye uzi. Huu ni mfululizo mmoja wa maagizo yanayotekelezwa ndani ya programu. Programu moja yaweza kuwa na nyuzi nyingi, na kiini huweka daftari la hali ya kila mmoja. Kuna uzi unaotenda kazi au ulio tayari kutenda. Kuna uliolala usingizi wa mang'amung'amu, ambao ishara yoyote huuamsha. Uzi unaongoja kitufe kibonyezwe huwa hapa. Kuna uliolala usingizi wa pono, aghalabu ukingoja diski, ambao hata ukiamriwa kufa hausikii mpaka kile unachokingoja kifike. Tena kuna uliosimamishwa. Tazama kauli hiyo ya kutendwa: haukusimama wenyewe, umesimamishwa na mwingine.

Hapa ndipo sarufi inapoingia. Katika Kiswahili, '-me-' pamoja na vitenzi kama lala, kaa na simama huonyesha hali iliyopo. Mtoto aliyeko usingizini 'amelala'. Ukisema 'analala', mara nyingi unamaanisha ndiyo kwanza anajinyoosha kitandani, au ni mazoea yake. Kati ya maneno hayo mawili ndimo limejificha kosa moja linalowatesa waandishi wa viini.

Turudi kituoni. Mama mmoja anatazama barabarani, haoni lori la chai. Anaanza kujiinamia juu ya kikapu. Wakati huohuo lori linafika. Karani anapita akiwaamsha waliolala. Mama huyu anamruka, maana bado yuko macho. Sekunde moja baadaye usingizi unamchukua. Lori limekuja, naye analingoja.

Uzi nao hupatwa na mkasa huo. Unakagua kama kitufe kimebonyezwa, unakuta bado, unaanza kulala. Kabla haujalala, kitufe kinabonyezwa. Kiini kinatafuta nyuzi zilizolala, hakiuoni, hakiuamshi. Unalala, ukingoja kilichokwisha kufika. Mwenye simu ataona tu kwamba programu imekwama.

Dawa yake ni kubadilisha mpangilio. Uzi hujiandikisha kwanza daftarini kuwa 'umelala', kisha hukagua mara ya pili, na ukikuta bado ndipo huachia zamu yake. Kitufe kikibonyezwa katikati, kiini huliona jina lake na kuurudisha miongoni mwa nyuzi zilizo tayari. Ni kama yule mama kumwambia karani, "Niandike nimelala, uniamshe," halafu akatupa jicho barabarani mara ya mwisho.

Mwanafunzi wangu alinyamaza kidogo. "Kumbe ile bagi yangu ilikuwa hapo kwa 'unalala'!" Akaenda zake kuirekebisha.

Nawasihi wahadhiri wenzangu wa sayansi wasingoje istilahi zote zikamilike ndipo wafundishe kwa Kiswahili. Istilahi zitafuata. Sarufi ya kutofautisha anayelala na aliyelala tunayo tangu zamani.