Je, Wajua? Taa za breki zikizimika zote, balbu husingiziwa
Taa zote za breki za gari kuukuu zikizimika kwa pamoja, ni nadra kosa kuwa la balbu. Fyuzi hukaguliwa kwanza, kisha swichi iliyo juu ya pedali: nyaya zake mbili zikigusanishwa na taa zikawaka, swichi imekufa. Ikizimika ya upande mmoja, balbu ishukiwe, hata kama taa ndogo inawaka, kwani nyingi zina nyuzi mbili: wati 21 za breki na wati 5 za taa ndogo. Mkoani Tabora, vumbi la kiangazi na mvua za Novemba hadi Aprili huifaa sana kutu. Hushika pale waya wa ethi unapofungwa kwenye bodi. Waya wa upande mmoja ukishika kutu, breki ikikanyagwa, indiketa ya upande huo nayo huwaka kwa unyonge. Hapo msasa hutosha.